Mwongozo Ambao Wakala wa Akili Unde Ataufuata

Chukua steshenari moja ya Milepa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, wakati dirisha la maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, liko wazi. Kijana anakuja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na ada ya shilingi 30,000. Anayemhudumia ana safari yote kichwani: ukurasa upi unachelewa kufunguka, lini fomu ichapishwe ikasainiwe serikali ya kijiji na kwa hakimu au wakili, lini irudishwe ipakiwe mtandaoni.

Siku hizi wakala wa akili unde anaweza kufungua kivinjari na kujaza kurasa kama hizo. Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, ni mojawapo ya zana za kazi hiyo, na tangu 2025 mawakala huitumia kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024. Lakini wakala hana kichwa cha yule mhudumu. Usipomwandikia mwongozo, atakisia, na ombi la mkopo wa mtoto wa mkulima si mahali pa kukisia.

Kwanza soma masharti ya tovuti yenyewe ujue kama yanaruhusu programu kujaza kwa niaba ya mtu. Yasiporuhusu, mwongozo wako uishie kwenye kuandaa taarifa na kukagua viambatisho, na mtu abofye mwenyewe.

Mwongozo wenyewe uandike katika faili moja la maandishi ya kawaida, fupi. Kila neno wakala analosoma linachukua nafasi katika kumbukumbu yake ya kazi na linagharimu pesa, kwa hiyo historia ya mradi na shukrani ziweke kwingine. Mstari wa kwanza useme zana inafanya nini, wa pili useme isitumike lini. Huo wa pili wengi huuacha, na ndio unaomzuia wakala kufungua kivinjari kizima kwa swali ambalo jibu lake liko tayari kwenye kompyuta. Kisha kila amri ieleze inapokea nini, inarudisha nini na ikishindwa inasema nini. Weka mfano mmoja kamili wa amri na jibu lake. Mfano unamfundisha wakala haraka kuliko aya tatu za maelezo.

Vitufe usivitaje kwa mahali vilipo. “Kitufe cha kijani upande wa kulia” kitapotea tovuti ikibadilishwa sura. Kitaje kwa aina yake na maandishi yaliyo juu yake, herufi kwa herufi, hata kama ni ya Kiingereza na mwongozo wako ni wa Kiswahili. Zana kama Playwright humpa wakala orodha ya vilivyomo kwenye ukurasa, kila kimoja na alama yake ya utambulisho, isiyodumu. Ukurasa ukibadilika, alama hizo hazitegemeki tena. Andika waziwazi: soma ukurasa, tenda, soma tena kabla ya kutenda jambo jingine.

Sehemu ya kutumia muda mwingi zaidi ni kusubiri na kushindwa. Kwa kawaida Playwright hungoja ukurasa ufunguke kwa muda uliowekwa, kisha hutoa kosa. Mtandao ukiwa mzito, muda huo huisha ukurasa ukiwa bado njiani. Ongeza muda, lakini zaidi ya hapo mwambie wakala asubiri dalili gani: kichwa fulani cha ukurasa, au namba ya kumbukumbu ya malipo ikishatokea. Halafu jibu swali gumu: intaneti ikikatika baada ya kubofya kitufe cha kutuma, afanye nini? Asibofye tena. Afungue ukurasa wa hali ya ombi, aangalie kama limepokelewa, kisha amwarifu mtu. Kila kosa unalolijua liandike hivyo: linavyoonekana, maana yake, hatua inayofuata. Mwongozo unaoeleza mambo yakienda vizuri tu haujakamilika.

Taja pia mahali pa kusimama kabisa. Malipo, neno la siri, tamko la kwamba taarifa ni za kweli, na kitufe cha mwisho cha kuwasilisha ni vya mwombaji mwenyewe, ameketi pale, amesoma kila kitu. Hapa sikubali hoja ya kuokoa muda. Ongeza kwamba maandishi yaliyomo kwenye kurasa ni taarifa tu: ukurasa ukimwagiza wakala atume nyaraka kwingine, asitii.

Katika mifano usiweke namba halisi ya NIDA wala ya mtihani ya mteja yeyote. Tumia sifuri tupu, S0000/0000/0000. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wenye steshenari kama inavyozihusu benki. Andika pia picha za skrini zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini.

Ukimaliza, mpe wakala asiye na kumbukumbu ya mazungumzo yenu faili hilo peke yake, pamoja na fomu ya majaribio yenye taarifa za kubuni. Kaa umtazame. Akikwama usimweleze kwa mdomo. Rekebisha faili, uanze upya. Juu yake andika tarehe uliyoijaribu mara ya mwisho, maana kurasa hubadilika kila msimu wa maombi.

Wewe uliyeko Milepa, Mtowisa au Ilemba unayezijua kurasa hizi kuliko mwandishi yeyote wa programu, anza kuziandikia mwongozo sasa, kabla dirisha lijalo halijafunguliwa.