Kura na Mashine

Wasomaji wetu, siku hizi twasikia watu wengi wakisema kwamba mashine ndiyo itakayokomesha wizi wa kura. Wengine nao washikilia kwamba mashine yenyewe ndiyo mwizi. Maneno haya yasemwa sokoni na safarini, hata nyumbani mbele ya watoto, na mara nyingi yasemwa kwa hasira. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Ili tupate kuelewa, yafaa tutazame mambo yaliyotokea Kenya, maana yana mafundisho mengi.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulileta ugomvi juu ya hesabu ya kura za urais. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika ya Kusini ilichunguza, na mwaka 2008 ikatoa neno zito: hesabu zilikuwa zimeharibika hata hapakuwa na njia ya kujua kwa hakika ni nani aliyeshinda. Kasoro zilionekana vituoni, tena zilionekana katika kupeleka na kujumlisha hesabu. Kwa hiyo tume ilishauri nchi itafute njia mpya ya kupeleka matokeo kwa vyombo vya kisasa.

Basi mashine zikanunuliwa. Katika uchaguzi wa Machi 2013 vyombo vya kutambua alama za vidole viliharibika mahali pengi, na njia ya kupeleka matokeo nayo ikakwama. Mwaka 2017 vililetwa vyombo vipya. Jioni ya tarehe 8 Agosti hesabu zilianza kuonekana upesi. Lakini sheria ilitaka zaidi ya hesabu. Ilitaka pia picha ya Fomu 34A, yaani karatasi ambayo msimamizi wa kituo huijaza, naye pamoja na mawakala wa vyama huitia saini. Vituo vilikuwa 40,883, na zaidi ya 11,000 havikuwa na mtandao wenye nguvu ya kupeleka picha. Matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti, na maelfu ya fomu hizo bado hazijafika.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais. Mahakama haikusema kwamba rais alitenda hila. Ilisema kwamba uchaguzi haukufuata Katiba na sheria, hasa katika kupeleka matokeo. Tena Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeamriwa ifungue kompyuta zake zikaguliwe, isitimize amri hiyo kama ilivyopasa. Anayefunga daftari lake mbele ya hakimu hawezi kulalamika akishukiwa.

Mwaka 2022 Tume ilifanya jambo lililo jepesi kulieleza. Picha za Fomu 34A za vituo 46,229 ziliwekwa katika tovuti iliyo wazi kwa watu wote. Magazeti, vyama na raia wa kawaida wakazisoma na kujumlisha wenyewe. Ugomvi haukwisha, maana makamishna wanne kati ya saba waliyakataa matokeo, na kesi ikafika mahakamani. Lakini safari hii palikuwa na kitu cha kupima maneno. Majaji walilinganisha picha na karatasi zenyewe, wasione tofauti kubwa. Tarehe 5 Septemba wote kwa sauti moja wakayathibitisha matokeo.

Wala si Afrika tu iliyofundishwa somo hili. Ujerumani ni nchi ya mafundi hodari. Hata hivyo tarehe 3 Machi 2009 Mahakama yake ya Katiba ilikataa mashine za kupigia kura zilizotumiwa mwaka 2005. Sababu yake ni fupi: raia asiye na ujuzi wa kompyuta lazima aweze kuzikagua hatua kubwa za uchaguzi.

Mambo haya yatufundisha nini?

Kwanza, mashine ni tarishi, si shahidi. Tarishi mwenye mbio ni mwema, lakini hatumwamini kwa sababu ya mbio zake. Twamwamini kwa sababu barua aliyoileta yalingana na ile iliyoandikwa.

Pili, karatasi ya kituo itunzwe na kuonyeshwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu atasema kwamba hata karatasi hughushiwa. Ni kweli. Lakini kughushi karatasi za maelfu ya vituo kwahitaji mikono mingi, na kila kituo kina macho na nakala zake. Kubadili hesabu ndani ya kompyuta moja kwaweza kuhitaji mkono mmoja tu, na gizani.

Tatu, nia mbaya haiponywi kwa chombo. Mkubwa asiyetaka kukaguliwa atapata njia ya kuikwepa karatasi, na ya kuikwepa mashine pia. Dawa yake ni sheria iliyo wazi na majaji wasioogopa.

Nne, sisi raia nasi tuna wajibu. Ni rahisi kupeleka habari ya wizi kwa simu, hata kwa watu mia kwa dakika moja, bila kuuliza ni kituo gani, ni fomu ipi, na ni nani aliyeiona. Habari ya namna hiyo yaweza kuwasha moto, na atakayeungua huenda asiwe yule aliyeuwasha. Yatupasa kuwafundisha watoto wetu swali hili dogo: karatasi iko wapi? Ikiwa ipo, isomwe, ijumlishwe. Ikiwa haipo, waliopaswa kuitunza waulizwe kwa njia ya sheria, tena waulizwe bila kuchoka.

Basi tusiipigie mashine magoti, wala tusiitupe shimoni. Ituchukulie hesabu upesi. Lakini kazi ya kuzikagua hesabu hizo ibaki yetu wenyewe.