Nyoka wa Msitu Uliokatika: Mkulima Afanye Nini?

Katika misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa nchini Tanzania yupo nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, Atheris ceratophora. Mtambue kwa magamba yaliyochongoka kama pembe juu ya macho. Hukaa vichakani na kwenye matawi ya chini, na anatambuliwa kimataifa kuwa miongoni mwa viumbe walio hatarini.

Msitu ukikatwa kwa mashamba, nyoka hubaki kwenye vipande visivyoungana. Wakiwa wachache, hatimaye huzaliana ndugu kwa ndugu. Kasoro za vinasaba zilizokuwa zimejificha hujitokeza kwa watoto. Tena, wakishafanana mno kivinasaba, ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza wote.

Madhara ya kuzaliana ndugu kwa ndugu yalishuhudiwa Smygehuk, kusini mwa Sweden. Nyoka wa jamii hiyohiyo ya kifutu, Vipera berus, walikuwa wamezingirwa na mashamba kwenye ukanda mwembamba wa majani. Watoto wao wengi walizaliwa wafu au wakiwa na ulemavu. Mwaka 1992 watafiti walileta madume 20 kutoka kundi kubwa la mbali, wakawaacha wapandane na majike wa hapo kwa misimu minne. Watoto wazima wakaongezeka, na kundi lililokuwa likielekea kutoweka likainuka.

Kuhamisha nyoka ni kazi ya wataalamu, kwani nyoka mgeni anaweza kuleta magonjwa. Lakini wewe unayelima kando ya msitu unaweza kuwapa njia ya kukutana wenyewe:

1. Linda kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukanda huo ukiachwa na miti ya asili, huwa ushoroba, yaani njia ya kupita wanyama.

2. Usifyeke vichaka vyote. Anayelima iliki chini ya miti mikubwa mara nyingi husafisha vichaka na kuacha miti tu. Miti pekee haimtoshi nyoka huyu. Acha vichaka mpakani mwa shamba.

3. Usimkamate wala kumuuza. Kumtoa mzazi mmoja kwenye kundi dogo ni kutoa vinasaba ambavyo huenda hakuna mwingine aliye navyo.

4. Ukimwona, rudi nyuma polepole, umwache apite. Akiingia nyumbani, toeni watoto nje na mumwite ofisa wa wanyamapori.

5. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje jeraha, msinyonye sumu wala kufunga kamba. Mtulizeni, asitembee, mumkimbize hospitali.

Ajenda ya ushoroba ifikishwe kwenye mkutano wa kijiji, maana ukanda ulioachwa na mkulima mmoja ukakatwa na jirani yake haumfikishi nyoka popote. Kubalianeni mipaka, pandeni miti ya asili palipo wazi, na muilinde pamoja.