Sulisuli wanazama baada ya kuachiliwa

SWALI: Mimi ni msaidizi kwenye boti ya kuvulia wageni hapa Watamu. Sulisuli siku hizi hatuwauzi, tunawatia alama na kuwarudisha majini. Lakini wengine wanapinduka tumbo juu, wanazama. Mgeni naye hataki kurudi pwani bila picha amempakata samaki, na bakshishi yangu imo kwenye picha hiyo. Nifanyeje? – Baharia.

JIBU: Mwanangu, nianze na picha, maana ndiyo inayoua.

Samaki aliyepigana na mshipi hufika ubavuni mwa boti kama mkimbiaji aliyemaliza mbio: misuli imejaa asidi, na mwili unalilia oksijeni. Ndipo mnapomtoa majini, na hewani matamvua hugandamana. Mwaka 1992 huko Kanada, Ferguson na Tufts waliwachosha samaki aina ya trauti, hawa hawa waliopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya. Waliochoshwa tu, wakabaki majini, walikufa asilimia 12. Waliokaa hewani sekunde 30, asilimia 38. Dakika nzima, asilimia 72. Trauti si sulisuli, lakini jihesabie mwenyewe picha moja ya kupakata huchukua muda gani, tena mwenye simu akisema "moja tena".

Kwa hiyo sulisuli asipande botini. Picha ipigwe akiwa ubavuni, mgeni ameinama juu yake, kichwa cha samaki kikiwa majini. Na hilo lisemwe asubuhi kabla ya kung'oa nanga, tena na nahodha, si wewe. Mgeni aliyeelezwa mapema hujiona mshirika wa kazi; anayeambiwa samaki akiwa keshafika ndiye anayenuna na kufunga pochi.

Chambo kikiwa samaki halisi, tumieni ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Hunasa pembeni mwa mdomo, mara chache tumboni. Shida yake ni mikono yenu: mmezoea kukwanyua. Hii haikwanyuliwi. Mwache samaki aondoke na chambo, kisha mshipi ukazwe taratibu. Akiwa ameimeza, usiing'oe. Kata mshipi karibu na mdomo, ndoana ibaki ioze kwa kutu. Ndiyo sababu nasema msinunue ndoana zisizoshika kutu.

Mshipi mwembamba wa kujionyesha nao achaneni nao. Hurefusha pambano bure.

Sasa huyo anayezama. Sulisuli hupitisha maji kwenye matamvua kwa kuogelea, kwa hiyo asiyeogelea anakosa pumzi. Vaa glavu, mshike mdomo wake mrefu, kichwa kielekee mbele, na nahodha aende mwendo wa pole. Usimsukume mbele na nyuma kama nilivyoona wengi wakifanya. Maji yanayoingia kinyume hayamsaidii. Usitie vidole kwenye matamvua hata kidogo. Rangi ikianza kurudi na mkia ukipiga kwa nguvu hata akikuvuta, mwachie. Papa wakionekana, msikawie.

Yupo asiyefufuka: yule anayetokwa damu nyingi matamvuani. Huyo, kama kibali chenu kinaruhusu, afadhali awe kitoweo kuliko kumtia alama na kumwandika daftarini kuwa ameachiliwa hai. Wanaosoma madaftari hayo hutegemea kuwa mmeandika kweli.