Plasmidi na Pete za Kamba

Plasmidi, jina lililotolewa na Joshua Lederberg mwaka 1952, kwa kawaida ni pete ndogo ya DNA iliyo nje ya kromosomu ya bakteria. Wanafunzi wetu hudhani kwamba kujinakili kwake na kuungana kwake ni jambo moja. Tuliwaachia dhana hiyo muda mrefu mno, hata wakashindwa kueleza jinsi bakteria anavyoweza kupoteza plasmidi.

Sasa twatumia kamba za rangi mbili. Kila mwanafunzi hufunga pete yenye fundo moja, ndipo mahali pa kuanzia kunakili. Plasmidi ColE1 ya Escherichia coli hutumia vimeng'enya vya bakteria mwenyewe. Hapa tusikawie.

Kisha twakata pete mbili mahali panapofanana, na ncha za moja twazifunga kwa ncha za nyingine. Darasa hustaajabu: pete moja kubwa, mafundo mawili! DNA haikuongezeka, bali idadi ya pete imepungua. Tena, pete pacha hiyo, kwa kuwa na mianzo miwili, huongezeka upesi kuliko zilizo pweke. Bakteria agawanyikapo, pete chache hugawanywa kwa bahati tu, na mmoja huenda akakosa kabisa.

Hapo mwalimu asiseme neno, awape mkasi. Watakata wenyewe mahali pawili na kurudisha pete mbili. Ndivyo zifanyavyo protini XerC na XerD, zikisaidiwa na nyingine, katika sehemu maalumu ya ColE1 iitwayo cer.