Jina moja, mamba wawili

Katika semantiki tunafundishwa kwamba kitaja kimoja kinaweza kufunika vitajwa viwili. Tuangalie mfano ulio katika mito yetu.

Mamba mwenye mdomo mrefu na mwembamba, mla samaki, huishi katika mito ya misitu ya Afrika. Kwa muda mrefu wanasayansi walimwita Mecistops cataphractus, kuanzia Afrika ya Magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha, kwa vinasaba na maumbo ya mafuvu, kwamba ni spishi mbili zilizotengana takriban miaka milioni 7 iliyopita. Yule wa magharibi alibaki na jina hilo. Wa kwetu alirudishiwa jina la karne ya 19, Mecistops leptorhynchus, yaani, kwa Kigiriki, "pua nyembamba".

Je, ni suala la maneno tu? Hapana. Jina lilipokuwa moja, mamba wa Gabon na Kongo walihesabiwa pamoja na wa magharibi, na uchache wa hao ukafichika. Uwindaji, nyavu na ukataji wa misitu vimewafikisha karibu na kutoweka. Huko Abidjan wanazalishwa katika bustani ya wanyama.

Zoezi: Kiswahili kina mamba na ngwena, Kilingala kina ngando. Waulize wavuvi wanaosema lugha ya kwenu: je, huyu wa mdomo mwembamba ana jina lake? Liandike, pamoja na maana yake na mto anakoonekana. Asiye na jina lake ni vigumu kumhesabu, na asiyehesabiwa hupotea kimya.