Historia ya Kyela Imo Vitabuni: Namna ya Kuitafuta, Kuihoji na Kuiandika

Mwalimu au kijana wa Ngana, wilayani Kyela, anayetaka kusoma historia ya kwao huanza kwa kuandika neno Kyela kwenye simu, akaambulia habari za mchele, kakao na ufukwe wa Matema. Vitabu vipo, tena vingi kuliko tunavyodhani. Vingi viliandikwa kabla Kyela haijawa wilaya, na waandishi wake waliiita nchi hii kwa majina mengine. Kwa hiyo fungua daftari na uandike majina hayo ukurasa wa kwanza: Konde na Njassa kwa vitabu vya Wajerumani, Langenburg, iliyokuwa boma lao kando ya Ziwa Nyasa kabla halijahamia mahali panapoitwa leo Tukuyu, Rungwe kwa kumbukumbu za Waingereza, Ngonde au Nkonde kwa maandishi ya ng'ambo ya mto Songwe. Tafuta kwa kila jina, moja baada ya jingine. Utashangaa mlango unavyofunguka.

Usianze na vitabu vya zamani kuliko vyote. Anza na mwanaanthropolojia Monica Wilson. Yeye na mumewe Godfrey waliishi Unyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, na kutokana na kazi ile Monica alitoa Good Company mwaka 1951, kisha vitabu viwili vya matambiko, 1957 na 1959, na mwisho For Men and Elders mwaka 1977. Kama utapata kimoja tu, tafuta hicho cha mwisho, kwa sababu kinafuata mabadiliko ya vizazi tangu 1875 hadi 1971, na kinawatazama Wanyakyusa na Wangonde wa ng'ambo ya Songwe pamoja. Kwa habari za ardhi kuna kitabu cha P. H. Gulliver cha 1958. Kwa watawala, The Princes of Nyakyusa cha Simon Charsley, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969. Kwa wamisheni, kitabu cha Marcia Wright cha 1971 kinaeleza vizuri jinsi Wamoravian na Walutheri wa Berlin walivyoingia mwaka 1891 na jinsi walivyogawana nchi hii. Anayetaka kujua kwa nini Ipyana ni ya Wamoravian na Matema ni ya Walutheri, jibu lake limo humo.

Mtu wa Ngana asiishie upande mmoja wa mto. Mpaka wa Songwe ulichorwa Ulaya kwa mkataba wa 1 Julai 1890, kati ya Waingereza na Wajerumani, na ukapita katikati ya watu wenye lugha na koo zinazoshabihiana. Nusu ya habari zetu basi iko Malawi. A History of the Ngonde Kingdom of Malawi cha Owen Kalinga, cha 1985, kinaeleza habari za Kyungu, mtawala wa Wangonde, na biashara ya pembe za ndovu. Vita vya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, pale Karonga, vilivyoanza 1887 na kumalizika kwa kunyongwa kwake mwaka 1895, vilitikisa pande zote mbili. Ukivuka mpaka pale Kasumulu kwa shughuli zako, tenga saa chache uingie kwenye makumbusho ya Karonga.

Namna ya kuvipata? Safari za Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, na maandishi mengine ya zama hizo hayana tena hakimiliki. Mengi yanasomwa bure kwenye maktaba za mtandaoni kama Internet Archive. Ya Kijerumani, kama kitabu kikubwa cha daktari Friedrich Fülleborn cha 1906, yapitishe kwenye programu ya tafsiri ya simu, lakini usinukuu popote mpaka mtu anayejua Kijerumani ayahakiki. Kwa vitabu vya karne iliyopita, nenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako maktaba ina mkusanyo maalumu wa Afrika Mashariki. Nyaraka za Taifa, palepale Dar es Salaam, zina kumbukumbu za utawala wa Rungwe. Uliza kibali kinavyoombwa kabla hujapanda basi, maana kufika bila karatasi ni kupoteza nauli. Karatasi za akina Wilson zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Aprili 2021 moto uliunguza Maktaba ya Jagger ya chuo hicho, kwa hiyo waandikie kwanza uulize kilichopo na kama wanaweza kukutumia nakala. Swali la barua pepe halina gharama.

Ukishakipata kitabu, kihoji. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote. Kwanza uliza mwandishi alikaa wapi. Habari nyingi za akina Wilson zinatoka Selya, kule juu milimani, karibu na Lubaga, mahali pa tambiko la Lwembe, mkuu wa matambiko. Mtu wa bondeni asikubali tu kwamba ya Selya ndiyo ya Ngana. Pili, uliza nani alimwambia. Majina ya wakalimani na wasaidizi huwa kwenye dibaji au kwenye maelezo madogo chini ya ukurasa, na hapo ndipo utakapowakuta watu wetu. Leonard Mwaisumo, karani aliyefanya kazi na akina Wilson, anastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Kyela. Tatu, uliza ni nani hakuulizwa. Kwa kawaida utakuta ni wanawake, watu wa koo ndogo, na Wakisi wa Ikombe wanaofinyanga vyungu.

Kisha peleka kitabu kwa wazee. Chukua dai moja tu. Good Company kinasema wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao wakaanza kijiji chao cha rika, wakakaa pamoja hadi uzee. Usimuulize mzee kama hilo ni kweli, maana kwa heshima atakubali. Amkia, "Ugonile, tata," keti, mwache aulize habari za nyumbani kwenu, halafu muulize baba yake alijenga na nani, wapi, na kama bado kuna mwembe au kaburi pale. Nendeni mkapaone. Muulize mke wa mzee swali lilelile, faragha. Miaka ipime kwa matukio wanayoyakumbuka: uhuru wa 1961, kufutwa kwa uchifu mwaka 1963, kuhamia vijiji vya ujamaa. Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, omba ruhusa, na ueleze sauti ile itakwenda wapi.

Kuna jambo la hatari ambalo wengi hawalioni. Ukiandika kwamba ukoo fulani ulitangulia kufika, unaandika pia kuhusu mashamba ya leo. Songwe huhama njia yake mvua zikizidi, na mipaka ya mashamba huhama nayo. Karatasi yako inaweza kupelekwa barazani kama ushahidi. Kwa hiyo kila habari ya kutangulia, ya mpaka au ya umalafyale, yaani uchifu, isikilize kwa koo mbili zenye kauli tofauti, andika kauli zote mbili na majina ya waliokubali kutajwa, wala usijifanye hakimu.

Kijitabu chako kiwe kifupi. Kurasa arobaini za kijiji kimoja, kwa Kiswahili, na maneno ya Kinyakyusa yakiachwa yalivyo na kuelezwa, zina faida kuliko historia ya wilaya nzima isiyokwisha. Weka ramani uliyoichora mwenyewe, yenye mito na majina ya zamani ya vitongoji. Kila habari ionyeshe imetoka kitabu gani au kwa nani. Kabla ya kuchapa, soma rasimu kwa sauti mbele ya waliokusimulia. Watasahihisha majina ambayo hakuna kitabu kingeweza kuyasahihisha. Namba ya ISBN huombwa kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Bondeni kwetu unyevu na mchwa humaliza karatasi upesi. Nakala za shule ziwekwe kwenye rafu iliyoinuliwa, mbali na ukuta, na faili la kompyuta lihifadhiwe kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Nakala za kwanza wape wazee waliokusimulia, kabla ya mkutano wowote wa uzinduzi.