Ukiumwa Safarini Simiyu, Punguza Mwendo

Jana umevuka mpaka Sirari, umelala Lamadi, na leo alfajiri dereva yuko nje anakusubiri kwa safari ya Serengeti. Unanyanyuka kitandani na kichwa kinagonga, viungo vinauma, tumbo linanguruma. Hela umeshalipa, ruhusa kazini ni ya siku tano tu, na wenzako wameshavaa viatu. Hapo wengi hujikaza. Humeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, wakapanda gari. Nimewaona wageni wa namna hiyo wakirudi jioni wamejilaza kiti cha nyuma na kitenge usoni, hawakumbuki hata mnyama mmoja.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya Shinyanga na Mwanza, una mengi ya kuonwa na mtu aliyeketi kivulini. Mgonjwa hana haja ya kukatisha safari yake. Ila kuna jambo moja la kufanya kabla ya matembezi yoyote.

Pima homa. Beba kipimajoto, ni kidogo na hakina uzito. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, matembezi ya siku hiyo yaishie zahanati. Hapa ni Kanda ya Ziwa, malaria bado ipo, na maneno "huo ni uchovu wa safari tu" yamechelewesha watu wengi. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole na majibu hutoka kwa muda usiozidi dakika 20 hivi. Mweleze mtoa huduma ulikuwa wapi mwezi mzima uliopita, maana malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu mbu akuume hadi homa ianze. Aliyeugua siku ya pili baada ya kufika Bariadi hakuumwa na mbu wa Bariadi, kaja nayo.

Naomba ndugu zetu mnaokuja likizo kutoka Uingereza, Marekani au ughaibuni kwingine mnisikilize kwa makini. Mtu aliyezaliwa Maswa, akanywa maji ya Maswa mpaka utu uzima, huamini kuwa malaria ni mafua kwake. Kinga ile aliyoijenga utotoni hupungua akikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria, na watoto wake waliozaliwa huko hawanayo kabisa. Kwa hiyo chandarua na dawa ya kinga ni kwa ajili yako pia, mwenyeji uliyegeuka mgeni. Onana na daktari wa huko unakoishi kabla hujakata tiketi.

Kipimo kikionyesha malaria isiyo kali, dawa ya kawaida ni mseto, ALu, dozi 6 kwa siku 3. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Siku ya pili huenda ukajisikia mzima. Usiache dawa, na usipande gari la mbugani. Siku tatu hizo ni za kitanda na kiti cha barazani. Mgonjwa anayetapika kila anachomeza, anayechanganyikiwa, aliyepata degedege, anayehema kwa shida au mwenye macho ya njano asisubiri asubuhi. Mjini Bariadi ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Busega ipo hospitali ya Mkula, na rufaa kubwa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Kwa ushauri wa afya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Mjamzito na mtoto mdogo wapelekwe mapema zaidi, hata kama homa yao ni ndogo.

Ikiwa ni tumbo tu, koroga pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi, unywe kidogo kidogo kutwa nzima. Ukikosa pakiti, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita hiyohiyo vitakusaidia. Ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali.

Homa haipo, tumbo limetulia, ila mwili bado mnyonge? Sasa tutembee.

Mimi ningeanzia ufukweni Lamadi, saa moja na nusu asubuhi kabla jua halijakolea. Omba kiti au kaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Dagaa waliovuliwa usiku kwa taa huletwa kwa ndoo, na kina mama huwaanika juu ya nyavu zilizotandazwa. Mama mmoja huinama, hurusha konzi ya dagaa kama anayepanda mbegu, wakatawanyika wasilaliane. Baada ya muda hurudi na kuwageuza. Mwanzoni wana rangi ya fedha mbichi yenye utelezi. Kadiri jua linavyopanda wanakunjamana, wanakuwa wakavu, na ukiwagusa wanalia kama majani makavu. Unaweza kukaa saa nzima ukitazama kazi hiyo, na mgonjwa hatakiwi kuinua mguu. Harufu ikikuchefua, sogea upande upepo unakotoka.

Maji hayo unayoyatazama ni Ghuba ya Speke, sehemu ya Ziwa Victoria. Februari 1858 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika baada ya miezi ya kutembea, na Speke macho yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona sawasawa. Miezi michache baadaye mambo yaligeuka: Burton alibaki Kazeh, Tabora ya leo, akiuguza mwili, na Speke akaja kaskazini hadi Mwanza akaliona ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakilivua siku zote. Tangu zamani basi, maradhi huamua nani anaona nini.

Usiingie ziwani, hata kwa kuosha miguu. Kichocho kipo katika ziwa hili, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda.

Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kama kilomita 72 za lami. Kaa kiti cha mbele, fungua dirisha, mwambie dereva asikimbize. Kati ya Mei na Julai utapita mashamba ya pamba iliyopasuka, na kwenye maghala ya vyama vya msingi utakuta marobota na wakulima wamezunguka mizani, kila mmoja akisoma namba kwa macho yake. Simama, salimia. Kwa Kisukuma asubuhi ni "Mwangaluka", mchana na jioni ni "Mwadila". Mama mtu mzima mwite "mayu", baba mwite "bhabha". Kwa salamu hiyo utaletewa kigoda bila kuomba.

Msimu huohuo wa baada ya mavuno ndio wa ngoma za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kuvuta watazamaji. Mgonjwa wa kichwa asikae karibu na ngoma. Chagua ukingo wa umati, chini ya mti, na ukichoka ondoka. Anayeaga kwa heshima hanuniwi.

Serengeti nayo haijakufungia mlango. Lango la Ndabaka lipo jirani na Lamadi, kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, kwa hiyo mtu mnyonge anaweza kuingia asubuhi, akaona alichojaliwa, akatoka kabla ya jua la saa sita. Patana na dereva tangu jioni kwamba mtageuza muda wowote utakaosema. Mweleze waziwazi kama tumbo linasumbua, kwa sababu mbugani hushuki popote unapotaka. Wakati wa mvua acha kabisa: udongo mweusi wa huko ukilowa hunasa magari, na kuna maeneo simu haishiki mtandao. Usivae nguo za bluu wala nyeusi, mbung'o huzifuata. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka nje waliotembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwemo, walirudi kwao na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao.

Neno kwa wenyeji. Ukarimu wetu una kasoro moja: hatumwamini mgeni anayekataa chakula. Shemeji yako aliyetoka Nairobi akisema uji unamtosha, mpe uji. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni tamu, lakini ni migumu kwa tumbo lililochafuka. Mfungie aende nayo. Ratiba ya kuzunguka nyumba za wajomba wote kwa siku moja ivunje wewe mwenyewe, maana mgeni ataona haya kuivunja. Wajomba waje yeye alipo.

Kuhusu fedha, bima ya afya ya nchini kwako mara nyingi haivuki mpaka, hivyo isome kabla ya kuondoka. Ukienda mbali mbugani ni busara kuwa na bima inayolipia kusafirishwa kwa ndege. Madaktari wa ndege wa AMREF, wenye makao Uwanja wa Wilson Nairobi, wanafanya kazi hiyo katika ukanda huu tangu 1957.

Na ukishafika nyumbani, usiitupe tarehe ya safari. Homa ikikupata ndani ya miezi mitatu, iwe London, Muscat au Nairobi, neno la kwanza unalomwambia daktari liwe hili: nilikuwa Tanzania, Kanda ya Ziwa, naomba nipimwe malaria leo.